Kabla Hujawasimulia Watoto Hadithi za Waaborijini

Ukiajiriwa kwenye chekechea yoyote ya Australia, iwe Sydney, Brisbane au Perth, mwaka hautapita kabla hujaambiwa uandae "kitu cha utamaduni wa Waaborijini". Agizo lenyewe huja Mei au Juni, siku chache kabla ya sherehe za wenyeji asilia, na mwalimu aliyeshtukizwa hukimbilia yaleyale: karatasi za kahawia, rangi, vijiti vya pamba vya masikio, na darasa zima la watoto wanaopiga nukta. Picha zinabandikwa ukutani, wazazi wanazisifia wanapokuja kuchukua watoto, kazi imekwisha. Mtoto anarudi nyumbani na rangi kwenye mikono ya shati, na hajui nukta zile ni za nani.

Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu tulio huku, mliotoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma au Mombasa, ambao wengi mmeingia katika kazi za malezi, na kwa mzazi ambaye mwanawe anakulia huku. Kwa mwalimu, jambo hili si la hiari. Mwongozo wa taifa wa elimu ya awali, uliotoka 2009 na kurekebishwa 2022, unamtaka kila mlezi awafundishe watoto mambo ya wenyeji asilia wa nchi. Lakini hata pasingekuwa na mwongozo, mtoto anayelelewa kwenye ardhi ya watu anapaswa kuwajua wenye ardhi.

Ninachotaka ulishike kabla ya mengine ni hili: hadithi ya Kiaborijini ina wenyewe na ina mahali pake. Ukishajua ni ya nani na ya wapi, maswali mengine, kuanzia vazi hadi ngoma, huwa mepesi kuyajibu.

Tuchukue hizo nukta. Uchoraji huo tunaouona kwenye vikombe na fulana za uwanja wa ndege ulianzia Papunya, kijiji cha jangwani kaskazini-magharibi mwa Alice Springs. Mwaka 1971 wanaume wazima wa pale walianza kuhamishia kwenye mbao, na baadaye kwenye turubai, michoro waliyokuwa wakiichora mchangani na miilini wakati wa matambiko. Nukta zilikuja kusaidia pia kufunika yale ambayo asiyehusika hakutakiwa kuyaona. Sasa mwalimu wa Sydney anapowapa watoto nukta na kuwaambia "hii ndiyo sanaa ya Waaborijini", amewafundisha jambo la watu walio umbali wa kilomita kama 2,000, tena la wazee, na hajawaambia neno juu ya Wagadigal ambao chekechea yake imejengwa kwenye ardhi yao.

Waingereza walipotia nanga Sydney mwaka 1788, bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Kila lugha ilikuwa na ardhi yake, nyimbo zake na wanyama wake wa hadithi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuliza: hapa tulipo ni kwa nani? Perth ni kwa Wanoongar wa Whadjuk. Adelaide ni kwa Wakaurna. Katikati ya Melbourne ni kwa Wawurundjeri na jirani zao Wabunurong, Darwin kwa Walarrakia, Canberra kwa Wangunnawal. Taasisi ya taifa ya utafiti wa mambo ya wenyeji asilia, AIATSIS, iliyoko Canberra, ina ramani kubwa ya rangi inayoonyesha mataifa haya yote. Nunua moja, ibandike kwenye usawa wa macho ya mtoto, siyo juu karibu na dari ambako ni watu wazima tu wanaoiona. Kisha tafuta salamu ya mahali hapo. Perth watu huamkiana "kaya". Kwa Wawurundjeri utasikia "wominjeka" mgeni anapokaribishwa. Wakaurna, ambao lugha yao ilinyamazishwa kwa miongo mingi na sasa inafufuliwa, husema "niina marni". Mtoto wa miaka mitatu aliyezoea kusema shikamoo nyumbani na hello shuleni hana shida na salamu ya tatu. Matamshi uyapate kwa mwenyeji au kwa rekodi ya mwenyeji, usiyabuni kutokana na herufi.

Sisi tumelelewa kupiga hodi, na hapa ndipo malezi yetu yanaposaidia. Vituo vingi hufungua siku kwa maneno mafupi ya kuwatambua wenye ardhi, na maneno hayo mtu yeyote anaweza kuyasema, mgeni na mtoto pia. Kuna jambo jingine linalofanana nalo, nalo ni kukaribishwa rasmi kwenye ardhi. Hilo hufanywa na mwenyeji wa mahali hapo peke yake, mara nyingi mzee, wakati mwingine kwa moshi wa majani mabichi. Hodi ni yako, karibu ni yake. Usichanganye. Na kwa watoto, hodi hiyo isiwe kifungu kirefu cha kukariri kama ahadi ya chama. Waambie waguse ardhi kwa viganja, kisha mseme pamoja kwamba hapa tunapocheza, kula na kulala ni ardhi ya Wawurundjeri, tunawashukuru wazee wao na tutaitunza. Sentensi mbili au tatu zinatosha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku haikuwa hivyo: mwaka 1789, mmoja tu baada ya wageni kufika, ndui iliwafagia wenyeji wa Sydney kwa wingi wa kutisha. Sisi ni wageni wa juzi, lakini ni wageni.

Hadithi gani basi? Hapa nenda taratibu, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Miongoni mwa Waaborijini zipo hadithi za wanawake peke yao, zipo za wanaume, zipo zisizosimuliwa nje ya ardhi yake, na zipo ambazo mtoto husimuliwa kipande tu hadi akue. Chukua kundi la nyota tunaloliita Kilimia, ambalo wakulima wa pwani yetu walilitazama kujua majira ya kulima. Kwa watu wa majangwa ya kati na magharibi, nyota hizo ni dada saba wanaomkimbia mwanamume anayewawinda, na njia waliyopita inakatiza nchi kubwa, kisima kwa kisima, mwamba kwa mwamba. Mwaka 2017 Makumbusho ya Taifa, Canberra, yalifungua maonyesho makubwa ya hadithi hiyo kwa msukumo wa wazee wenyewe, nao ndio walioamua kipi kionekane na kipi kibaki kwao. Ndani yake mna mambo ya watu wazima. Ukiwa na watoto wako uani usiku, waonyeshe nyota, waambie watu wa jangwani wanasema ni dada saba wanakimbia, uishie hapo. Wakitaka zaidi, waambie zaidi ni ya wenyewe.

Kwa kila hadithi unayotaka kuisimulia, jiulize aliyeiandika au kuisimulia ni nani, wa taifa gani, na kama aliitoa ili isimuliwe hadharani. Kitabu kinachosema tu "hadithi ya kale ya Waaborijini", bila taifa wala msimulizi, kirudishe rafu. Vizuri vipo. Dick Roughsey, Mlardil wa Kisiwa cha Mornington aliyeitwa pia Goobalathaldin, alitoa The Rainbow Serpent mwaka 1975 na hadi leo kinasomwa. Mzee wa Kiwurundjeri Aunty Joy Murphy ana Welcome to Country, kinachofaa sana kwa walio Melbourne. Gregg Dreise, Mkamilaroi, ana hadithi za wanyama zenye mzaha ambazo watoto huzipenda mno. Magabala Books ya Broome, nyumba ya uchapishaji ya wenyeji asilia wenyewe, ndiyo duka la kwanza la kupitia. Ukitumia video, kumbuka kwamba katika jamii nyingi jina na sura ya aliyefariki karibuni havitajwi wala kuonyeshwa ovyo. Yale maonyo yanayotangulia filamu huku hayakuwekwa kwa urembo.

Tufike kwenye kusimulia kwenyewe, ambako Mswahili hana haja ya kufundishwa mengi. Tumekulia kwa bibi aliyejua kubadilisha sauti, kunyamaza mahali panapotakiwa, na kuwaitikisha wasikilizaji. Hizo zote ni mali, zitumie. Neno moja tu la tahadhari: usifungue kwa "Paukwa", wala kwa "Hadithi njoo, uongo njoo". Mfunguo ule unamwambia mtoto kwamba yanayokuja ni ya kubuni, ya sungura na fisi, tucheke tulale. Hadithi nyingi za Waaborijini kwa wenyewe ni sheria na ni elimu: mto ulitokeaje, maji yako wapi, nani haoani na nani. Wape watoto mfunguo mwingine. Onyesha ramani, weka kidole mahali hadithi inapotoka, taja wenyewe, kisha anza.

Mimi ningeanza na Tiddalik, chura wa Wagunaikurnai, wenyeji wa Gippsland, mashariki mwa jimbo la Victoria. Hadithi yake imesimuliwa na kuchapishwa hadharani miaka mingi, na inafaa watoto kupita kiasi. Chura aliamka na kiu, akanywa kijito, akanywa mto, akanywa ziwa, mpaka nchi ikakauka na viumbe wote wakaanza kufa kwa kiu. Wakashauriana: tukimchekesha, atatapika maji. Kila mmoja akajaribu akashindwa, hadi samaki mkunga alipojinyonganyonga kwa mkia, chura akaangua kicheko, na maji yakarudi.

Kwa onyesho hili huhitaji mavazi wala ngoma. Tafuta shuka jepesi la buluu na blauzi pana. Litandaze shuka mbele ya watoto kama mto. Tiddalik anapokunywa, livute kidogo kidogo na ulisokomeze ndani ya blauzi, huku ukitoa sauti ya kufyonza, pole pole, kijito kwanza, kisha mto. Tumbo linavimba mbele ya macho yao. Mkeka unabaki mtupu. Hapo nyamaza. Mtoto mmoja atauliza maji yako wapi, mwache aulize. Kisha kaa kitako, mashavu yamejaa, uso mkavu, na uwape watoto kazi ya kukuchekesha. Kangaruu anaruka. Kenge anasimama kwa miguu miwili, tumbo mbele, anatembea kama bosi. Ndege kukabara, ambaye mlio wake wenyewe ni kicheko, anacheka mpaka anachoka. Watakuja puani kwako kabisa. Usicheke, ukicheka mapema hadithi imekufa. Mkunga awe mtoto yule mpole asiyesema, kwa sababu sehemu yake haina maneno, ni kujinyonganyonga tu. Acha kicheko kianzie mabegani, kipande shingoni, kisha kipasuke, na shuka lote litoke kwa mvuto mmoja likimbie juu ya vichwa vyao. Chekechea nzima itasikia.

Rudia kesho. Rudia keshokutwa. Watu wazima ndio wanaochoka na hadithi moja. Mtoto wa miaka minne anaimiliki kuanzia mara ya tatu, na hapo ndipo unampa yeye uchura. Kila mara mtaje mwenye hadithi, na jina la Tiddalik libaki Tiddalik. Usimgeuze kuwa Chura Makiu ili apendeze kwa Kiswahili, hata ukisimulia nyumbani kwa Kiswahili kitupu. Kwa walio chini ya miaka mitatu acha mtiririko wa hadithi. Wape mlio na mwendo wa kila mnyama, na shuka.

Na kama hujapata hadithi ya mahali ulipo unayoruhusiwa kuisimulia, cheza majira. Wanoongar wana majira sita kwa mwaka, na kila moja lina upepo wake, maua yake na chakula chake. Makuru ni baridi na mvua, Birak ni joto kavu la mwanzo wa kiangazi. Watoto wakitoka uani wakaonyesha kwa miili yao kilichobadilika tangu mwezi uliopita, wamejifunza jambo la Kinoongar bila kumwibia mtu.

Yapo ya kuyaacha. Usiwapake watoto chokaa na udongo mwekundu usoni. Michoro ya mwili huonyesha ukoo na haki ya mtu katika tambiko. Usibuni "ngoma ya Kiaborijini" kwa kuunganisha ulichoona kwenye video na kiuno cha kwetu. Didgeridoo, ala ya kupuliza ambayo kwa Wayolngu wa kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land huitwa yidaki, ni ya kaskazini, na katika jamii nyingi hupigwa na wanaume; bomba la plastiki lililochorwa nukta na kupuliziwa mate na darasa zima ni kichekesho kibaya. Vijiti viwili vya mbao ngumu vya kugonganisha, vinavyotumika sehemu nyingi za bara, havina uzito huo, lakini navyo muulize mwenyeji kwanza.

Nalisema na hili kwa kuwa halisemwi: mkuu wa kituo akikutazama ngozi akakuona ndiye wa kusimamia "mambo ya Waaborijini" siku ya sherehe, mkatalie kwa adabu. Weusi wako si wao. Wewe ni Mbembe au Mdigo, una yako, na yako pia watoto wanapaswa kuyasikia siku yake, bila kuchanganywa kwenye chungu kimoja. Unaweza kusaidia kuandaa, kupika, kupiga simu, kushika shuka. Kusema kwa niaba yao, hapana.

Anayesema kwa niaba yao ni mwenyeji. Huko New South Wales anzia baraza la ardhi la Waaborijini la eneo lako. Mabaraza hayo yapo kwa sheria ya 1983. Kwingine ulizia kwa halmashauri ya mji jina la shirika la wenyeji linalotambuliwa. Piga simu mapema, eleza umri wa watoto, uliza kama kuna msimulizi au mchezaji anayependa kukaa na wadogo, kisha uliza bei. Usiombe bure. Watu hawa hualikwa wiki ileile na shule, benki na mabunge, na wengi wao ni wazee. Lipa, lipa na nauli, tafuta kiti chenye egemeo, na umpe chai kabla hajaanza. Wazee wanaoheshimiwa huitwa Aunty na Uncle, lakini subiri usikie wanavyoitwa na watu wao kabla ya kulitumia jina hilo. Watoto wetu, waliokuzwa kumwita kila mtu mzima shangazi au mjomba, watalipokea bila mafunzo. Akikuambia hadithi aliyoisimulia leo usiirudie akiondoka, usiirudie.

Mtoto asidhani kwamba Mwaborijini ni mtu wa zamani anayesimama kwenye mwamba na mkuki. Sensa ya 2021 ilihesabu 812,728 waliojitambulisha kuwa Waaborijini au watu wa Visiwa vya Torres Strait, na wengi wao wanaishi mijini, wanapanda basi lilelile unalopanda. Katuni ya Little J & Big Cuz, iliyoanza 2017, inamwonyesha mvulana wa miaka mitano na binamu yake wakiishi na bibi yao, wakienda shule na kugombana kama watoto wengine; vipindi vyake vingine vimetafsiriwa katika lugha za wenyeji. Bangarra, kundi la ngoma la Sydney lililoanzishwa 1989, lina onyesho la watoto liitwalo Waru, la kasa mdogo wa Torres Strait. Likifika mjini kwako, nunua tiketi. Na usisahau kwamba watu wa visiwa hivyo ni taifa jingine, wana bahari yao, ngoma zao na bendera yao.

Maswali magumu yatakuja. Kwa nini bibi yule msimulizi hajui lugha yake? Jibu la mtoto wa miaka minne ni fupi na la kweli: serikali iliwachukua watoto wengi kutoka kwa mama zao na kuwakataza kusema lugha ya nyumbani, haikuwa haki, na mwaka 2008 waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni. Ishia hapo, umwangalie. Baadhi ya watoto wetu wametoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, na habari ya mtoto aliyetenganishwa na mama kwao si hadithi. Akikimbilia mapajani kwako, funga mada, mshike. Kuhusu 26 Januari, siku bendera ya Waingereza ilipopandishwa Sydney, usiifanyie mchezo wala manyoya; kwa Waaborijini wengi ni siku ya msiba.

Wiki ya Maridhiano ni 27 Mei hadi 3 Juni. Wiki ya NAIDOC, ya kusherehekea utamaduni wa wenyeji asilia, huanza Jumapili ya kwanza ya Julai, na 4 Agosti ni siku ya watoto wa Waaborijini na wa Visiwa vya Torres Strait, iliyopo tangu 1988. Ukingoja Juni, msimulizi uliyemtaka atakuwa ameshachukuliwa na wengine. Piga simu Machi, na ukimpata, mwombe arudi Oktoba, mwezi ambao hakuna sherehe.